Siku Niliyoitua Ndege ya Dada Kabla ya Saa Yake

Mpaka leo sokoni napita njia ya nyuma, maana hapa Mkomaindo watu wakiniona wanaangalia juu, halafu wananiuliza kama kuna ndege inakuja.

Dada Neema alikuwa anakwenda India kusomea famasia, anaruka Dar alfajiri kwenda Mumbai, na Bibi, aliyemlea tangu ananyonya, akasema hatii kitu mdomoni mpaka asikie mjukuu wake yuko ardhini. Sasa Bibi ana sukari, dawa anameza na chakula, asubuhi ile naona mikono imeanza kumtetemeka na uji kausukuma pembeni, nikaona siwezi kukaa tu. Nikaingia mtandaoni: Dar mpaka Mumbai kilometa elfu nne na mia sita hivi, ndege masaa sita.

"Bibi, saa tano anatua. Vumilia kidogo."

(Kumpigia baba mdogo kule Newala, aliyekata tiketi, sikuona haja. Nimemaliza kidato cha nne, mwendo na muda naujua.)

Saa tano ikafika, napiga, hapatikani. Napiga tena na tena, hapatikani, na Bibi kila nikigeuka ananiuliza, "Tuma mjukuu wangu, imetua?" Mwisho nikakimbia kwa Baba Tekla, mzee wa kanisa, aje amtulize.

"Shikamoo, Baba Tekla. Ndege ya dada ilitakiwa iwe imeshatua, na simu haipatikani."

"Marahaba. Muda umepita?"

"Umepita sana."

Hakuuliza zaidi. Akaenda kupiga kengele watu waje kuomba, na kwetu kengele ikilia mchana wa siku ya kazi kila mtu anajua ni msiba. Narudi nyumbani nakuta wanawake washafunga kanga viunoni, wengine wana unga, wengine ndoo za maji, vijana wanafunga turubai, mmoja analia kwa kumtaja dada jina, na mimi nasema jamani bado hatujajua, huku nawashikia kamba, kwa sababu moyoni nilishaanza kuamini. Bibi kakaa mkekani, midomo imemkauka.

Simu ikaita. Video. Dada, na nyuma yake watu wanaburuta mabegi.

"Mbona watu wengi hivyo? Nani kafa?"

Nikaisogeza simu karibu.

"Dada, uko Mumbai?"

"Mumbai wapi, niko Addis Ababa, nasubiri ndege ya pili, ndio kwanza nimepata mtandao. Baba mdogo hakukwambia? Nafika usiku. Nimeuliza nani kafa?"

Mama Zuberi, jirani yetu, akachungulia kwenye simu. "Wewe. Unga wako tumeshaleta."

Bibi akaninyang'anya simu. "Neema, hapo ulipo ni ardhini?"

"Ardhini, Bibi."

"Haya. Nipeni chakula."

Akala mizizi ya ming'oko ya kuchemsha aliyoletewa na waombolezaji, akameza dawa, wala hakunitazama. Watu wamekaa chini ya turubai wanacheka mpaka wanafuta machozi, mara gari la kukodi kutoka Newala likaingia, kumbe habari za msiba zilishafika kule, shangazi zangu wanashuka wanalia kwa sauti, baba mdogo nyuma yao macho mekundu. Ikabidi nisimame mbele ya wote nieleze.

"Namba yangu huna?" baba mdogo akaniuliza, taratibu tu.

Nikasema ninayo.

Tangu siku hiyo simhesabii mtu safari. Hata ukiniuliza basi la Tandahimba linafika saa ngapi, nakwambia kamuulize dereva.