Rangi Aliyoiona Mama

Cherehani ilinyamaza katikati ya mshono. Nilikuwa nimelala chali sebuleni, leso iliyolowa maji imefunika macho yangu yaliyokuwa yakiwasha, kwa hiyo ukimya ule niliusikia kabla sijaona kitu. Kisha ikaja sauti ya mwanamke: "Dada fundi, hii siyo. Picha tuliyotuma ni ya nyeupe pe."

Nikaitoa leso. Shangazi wa bibi harusi, aliyekuja kutoka Kigombe asubuhi hiyo, alikuwa ameshika gauni ambalo mama yangu alikuwa amelifikisha nusu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Gauni lilikuwa la krimu.

Mama akalichukua, akaligeuza, akalisogeza dirishani penye mwanga.

"Basi ni macho yangu, dada. Nipe siku mbili, nitashona jingine."

Mgeni alipokwenda zake, mama hakurudi kwenye kiti. Alikunja futi yake ya kupimia, akaitia kwenye droo. Akaifunika cherehani kwa kanga, taratibu, kama alivyokuwa akinifunika mimi utotoni nilipopitiwa na usingizi wa mchana.

"Fundi asiyetofautisha krimu na nyeupe anangoja nini, mwanangu? Nitafutie mtu anayeitaka hii cherehani."

Hapo nikakumbuka jambo. Simu ya mama ni ya kitochi, haina picha. Picha ya gauni ilitumwa kwangu, naye akaitazama kwenye kompyuta yangu. Na siku chache kabla ya hapo, nilipokuwa nimeandika riwaya yangu mpaka macho yakawa kama yametiwa pilipili, rafiki alinionyesha mpangilio wa kompyuta wa kupunguza mwanga wa bluu. Kioo kikageuka rangi ya karatasi ya zamani, macho yakapoa kidogo. Niliupenda mno. Nikauacha usiku na mchana, hata nikasahau kwamba upo.

"Mama, njoo uone."

Nikafungua picha. Krimu. Nikazima mpangilio. Gauni likawa jeupe kama chumvi.

"Washa tena," akasema.

Nikawasha.

"Zima."

Tukafanya hivyo mara tano au sita, pua yake ikikaribia kugusa kioo. Mara akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye mkeka.

"Kumbe kompyuta yako imevaa miwani ya jua! Mtoto wewe, ulitaka kunistaafisha?"

"Nisamehe, mama. Nitampigia yule shangazi nimwambie kosa ni langu."

"Tena mpigie sasa hivi. Asije akafika Kigombe akatangaza fundi wake kipofu."

Nikapiga palepale, mama ameinamisha sikio karibu na langu asikose neno. Nilipokata simu nilitaka kuuondoa kabisa ule mpangilio. Akanishika mkono.

"Uache. Macho yakikuharibikia hayo, nani atakushonea mengine? Ila ukiniita kutazama rangi, zima kwanza."

Akaifunua cherehani, akaipangusa kwa kiganja. Akavaa baibui, akachukua kibeti chake, aende madukani Ngamiani kutafuta kitambaa cheupe. Alipofika mlangoni nikamwuliza kama nimsindikize, nikamsaidie kuchagua.

"Wewe?" akasema. "Na macho hayo?"

Akaufunga mlango nyuma yake, bado anacheka.