Mapazia Mafupi ya Madam

Leo nacheka, lakini siku ile ningepata shimo pale mtaani kwetu International City, nchi ya Waarabu, ningejitosa na nisitoke tena. Na aibu yote hiyo imeletwa na mapazia, jamani, mapazia tu!

Madam niliyemfanyia kazi alikuwa na mtindo wa kuibadilishia nyumba nguo (Desemba kila kitu chekundu, Januari vyekundu stoo, vyeupe vinatoka), na mwaka huo akanipa mapazia yake meupe ya zamani, nami nikaona kumbe hata sisi tunaweza kuishi kama watu. Sasa elewa, sebule yetu tulikaa wanne, na ukuta wa kila mmoja ni pazia. Nikang'oa yale yetu mekundu ya Krismasi nikayaloweka yote, maana Ijumaa hiyo maombi yalikuwa kwetu, na Elijah, mpiga kinanda wetu, angekuja, na mimi huyo Elijah nilikuwa namtaka (acheni kunicheka) tangu joto la Agosti.

Kutundika, lo! Kumbe ni mapazia ya dirisha, yameishia magotini. Na nyuma ya moja, kwa godoro chini, amelala Atieno, mmoja wetu wanne, askari wa usiku, ametoka kazini asubuhi. Nikajiambia, si watu watasimama, wataona ncha ya blanketi tu. Yalla, kengele ikalia.

"Wah, Shiru, hii ni nyumba ama hoteli?" Pasta akasema.

"Kumependeza," akasema Elijah mwenyewe, na kichwa changu kikavimba hakipiti mlangoni.

Tukaimba tukiwa tumesimama, mambo sawa kabisa, kisha Pasta akasema, "Wapendwa, tupige magoti."

Wote chini, macho kwa macho na Atieno: mdomo wazi, uso mzima umepakwa avokado, anakoroma. Nikaanza kuomba kwa sauti kumshinda Pasta ili nizime ule mkoromo, na hiyo sauti yangu ndiyo iliyomwamsha. Akafumbua macho, akaona kitambaa cheupe juu yake na watu wamepiga magoti wanamlilia Mungu, akapiga nduru: "Uuwi! Nimekufa! Mama ameambiwa?"

Akavuta pazia ajifunike, likaja na chuma chake, likamwangukia Pasta. Elijah alicheka mpaka akalia.

Wakati wa kuondoka akanivuta kando mlangoni, nami nikajiweka sawa kitambaa kichwani, akaniuliza, "Shiru, yule dada wa avokado ana mtu?"

Iliniuma, sitawadanganya. Lakini harusi yao nilicheza mpaka viatu vikaniachia malengelenge, na waliponiomba nipambe ukumbi nikakubali maua na viti, mapazia nikawaambia watafute mtu mwingine. Yangu mekundu ya Krismasi bado yananing'inia, Januari mpaka Desemba, na yanafika chini kabisa.