Mlio Uliokatika Mbugani

Nakumbuka siku moja, mwanangu Shija, ambayo masikio yangu hayajaisahau mpaka leo. Kaa chini kwanza. Hiyo ekzosi yako mpya ya mlio mkubwa iache humo humo kwenye kiroba, haina miguu. Wakwe zako watarajiwa wa Geita, unaotaka kuwaendea leo, hawajahama, na hiyo pikipiki umeinunua juzi mkononi mwa mtu, hujui hata alikuwa anaiendeshaje.

Nilikuwa binti wa Samuye, na nilikuwa na mchumba. Si baba yako. Usinitolee macho, baba yako mwenyewe alijua, Mungu amrehemu. Huyo aliitwa Luhende, mchimba dhahabu wa huko huko Geita, mrefu, mcheshi, akicheka hata ng'ombe wanageuka. Alikuwa na pikipiki kuukuu aliyoipenda kama ndama wake wa kwanza.

Mwaka ule mvua zilikataa, baba akaamua kuhamia Rukwa na mifugo, kama Wasukuma wengi walivyokwisha kufanya. Akatuma neno machimboni: Luhende aje mwenyewe kabla lori halijaondoka, aseme mbele ya wazee kwamba ananioa, nami nibaki kwa shangazi nikingoja ng'ombe wa mahari. Asipokuja, naenda Rukwa na wenzangu. Luhende akajibu kwamba atakuja, na kwamba nitamsikia kabla sijamwona. Ndivyo walivyokuwa watu wa machimboni, na ndivyo mlivyo hata sasa. Mtu akipata chochote shimoni hawezi kurudi kwao kimya kimya, lazima vijiji vyote vijue anapita.

Asubuhi ya safari lori lilikuwa limeshapakiwa. Ng'ombe walikwisha kutangulia na vijana. Mimi nimesimama nyuma ya nyumba na khanga yangu nzuri, nikijifanya natafuta kuku. Ndipo nikaisikia. Mbali, upande wa Isaka, kwenye njia ya mkato ya mbugani, pikipiki inanguruma, na kila akiachia mafuta inapiga pa, pa, pa. Mbuga yetu ni tambarare, sauti haina pa kujificha. Jamani, kuku niliwasahau palepale! Baba naye aliisikia, akamwambia dereva asubiri.

Kisha mlio ukakatika.

Tukangoja. Umande ukakauka, jua likapanda, dereva akaanza kulalamika. Niliomba nitume mtu akaangalie, baba akakataa.

"Ng'wanawane, mwanangu," akaniambia, na sauti yake haikuwa ya hasira, "asiyesikika tungesema bado yuko njiani. Huyu tumemsikia, na amesimama. Moyo wake umegeuka. Panda."

Nikapanda. Lori likashika barabara kuu, upande mwingine kabisa na ile njia ya mbugani. Nilimkasirikia Luhende mpaka Tabora. Baada ya Tabora nikaanza kumlilia.

Rukwa nilimpata baba yako, mtu mwema, nikampenda, wala sisemi kwa unafiki. Alipofariki nikarudi nanyi huku, nikaanza kukaanga maandazi hapa Kagongwa, mlangoni kwa Fundi Kulwa wa pikipiki. Siku moja nikamsikia mzee huyo akimgombeza kijana aliyetaka kufungiwa ekzosi na kuondoka nayo palepale. Akamsimulia habari za kijana mmoja wa machimboni, zamani, aliyekuwa na haraka ya kuwahi uchumba Samuye. Fundi hakujua mimi ni nani. Mwiko ulikuwa mkononi, nikauacha humo kwenye mafuta.

Alisema alimfungia ekzosi kijana yule, lakini akamsihi amwachie pikipiki siku moja tu. Ekzosi ya wazi inatoa pumzi upesi, injini inavuta hewa nyingi kuliko ilivyozoea, na petroli inabaki ile ile kidogo. Lazima ufungue kabureta, uweke jeti ya kupitishia petroli yenye tundu kubwa zaidi, uiendeshe kidogo, kisha uchomoe plagi ya cheche uitazame rangi. Ikiwa nyeupe, injini ina njaa na inaungua. Ikiwa nyeusi, umeivimbisha. Ikiwa kahawia, kama ganda la karanga, hapo ndipo. Na ile pa, pa, pa mnayoiona ni sifa, fundi alisema, mara nyingi ni kilio cha njaa.

Luhende akamjibu kwamba leo si siku ya kungoja. Huko mbugani pistoni ikatoboka. Akaikokota pikipiki kwa mikono mpaka kwetu, akakuta majivu ya jikoni bado yana moto. Hayo Luhende mwenyewe alimwambia fundi, aliporudisha chuma chake juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Kisha akarudi Geita, na fundi hakumwona tena.

Kumbe alikuwa anakuja, mwanangu. Miaka yote ile alikuwa anakuja.

Sasa unajua kwa nini pikipiki ikipiga pa, pa barabarani mkono wangu husimama juu ya karai, na wateja wananiuliza Mama Shija vipi. Nasikiliza. Siwezi kuacha.

Wahenga walisema ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Mimi sikukatazi ngoma, kijana ni kijana. Nakwambia hivi: ukipanua pa kutolea, panua na pa kulishia. Mpelekee Fundi Kulwa pikipiki leo, alale nayo, akubadilishie jeti, na usiichukue mpaka akuoneshe plagi yenye rangi ya ganda la karanga. Binti wa watu mpigie simu umwambie utachelewa siku moja na kwa nini. Mimi sikuwa na simu. Na usijitangaze kwa anayekungoja kabla hujahakikisha kwamba utafika, maana asiyesikika husubiriwa.

Haya, nenda, na baraka zangu zikutangulie. Mungu akulinde mbugani na barabarani, akupe nyumba yenye watoto na zizi lenye ng'ombe. Na huyo binti anayetega sikio asubuhi hii, Mungu amjalie akuone mlangoni.