Blanketi la Boneti

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa jirani yetu fundi ni namna anavyofunga boneti. Mafundi wengine huiachia ikadondoka kwa kishindo. Yeye huishusha kwa viganja viwili na kuikandamiza taratibu. Gereji nzima humwita Polepole.

Wiki hii anatengeneza gari lake mwenyewe, gari la kifahari la zamani lenye viti vya ngozi. Alilinunua likiwa chakavu miaka kumi na minane iliyopita, akalifufua kidogo kidogo huku mkewe akimsomea gazeti kutoka kiti cha nyuma. Sasa mkewe amelazwa. Alipasuliwa kichwa mwezi uliopita, na Ijumaa ataruhusiwa kurudi nyumbani. Daktari ametoa sharti moja: asipate kelele.

Na gari linanguruma. Sponji iliyobandikwa chini ya boneti kuzuia joto na sauti ya injini, ambayo mafundi huiita blanketi, imezeeka na inapukutika kama makombo ya mkate. Jumatatu Polepole aliikwangua yote pamoja na gundi yake kwa kipande cha plastiki ili asichubue rangi, kisha akapangusa bati kwa spiriti.

Volti, fundi umeme wa hapo, akamchokoza. "Mzee wangu, gari la umri huu unalivisha nguo mpya? Litatafuta mchumba!"

"Likimpata, mshenga ni wewe."

Mchana alikwenda wodini, akamweleza mkewe, "Nabadilisha blanketi la gari."

Mkewe akamtazama kwa makini. "Kwani gari linaona baridi?"

Polepole akacheka hadi muuguzi akageuka. Ulikuwa utani wa kwanza wa mkewe tangu apasuliwe. Kisha mkewe akaushika mkono wake, akaitazama gundi iliyoganda kwenye kucha.

"Fundi, ukimaliza mwambie mume wangu aje kunichukua. Hajaja hata siku moja."

Polepole hakuwa amekosa hata siku moja.

"Nitamwambia, mama," akajibu.

Jumanne alikuwa na haraka, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Alibandika blanketi jipya kabla gundi haijashika vizuri, likaning'inia katikati kama kitambi. Volti alifungua kinywa amtanie. Polepole akamsimulia ya wodini, na Volti akamshikia taa.

Jumatano akakata blanketi lingine. Safari hii alisubiri hadi gundi ikaacha kunata kwenye kidole, akalikandamiza kuanzia katikati kuelekea pembeni, akachomeka vibanio vyote. Akawasha injini. Volti akatega sikio.

"Nasikia feni tu. Umeweza, mzee."

"Shida si gari tena," Polepole akasema. "Nikienda na ovaroli, atasema fundi kaja. Nikivaa shati, je, akiniuliza mimi nani?"

Volti akafikiri. "Vaa shati. Lile alilokununulia mwenyewe. Ndevu nazo ukazinyoe, maana tangu alazwe umekuwa kama brashi ya viatu."

Leo ni Alhamisi. Ndevu zimenyolewa na shati limepigwa pasi. Tangu asubuhi Polepole amempigia muuguzi mara tatu kuuliza muda, na mara zote amejibiwa vilevile: kesho, saa tatu.