Mstari Chini ya Kila Jina

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu nikaambiwa kwamba mama aliyekuwa akinichapia makala zangu amefariki hospitalini. Wasomaji wa safu hii mlimjua bila kujua, maana hakuna sentensi yangu iliyowafikia bila kupita kwanza kwenye vidole vyake, na nyingi zilitoka kwake zikiwa fupi kuliko zilivyoingia. Mwandiko wangu ni mbaya, naye hakuwahi kuninyamazia. "Papa, hii ni herufi ao ni mududu inatembea?" aliniuliza mbele ya wateja wote, nami nikacheka pamoja nao huku nikiona haya. Nimemlilia vya kutosha nyumbani kwangu. Leo nimekuja kujigamba kwa niaba yake, kwa sababu yeye mwenyewe hakujua kujigamba.

Kabla kompyuta haijaingia katika chumba chake kidogo karibu na soko, kazi yake ilikuwa kuchora mistari. Walimu na makatekista wa Kisangani walimletea madaftari matupu, naye kwa rula ndefu ya mbao na penseli aliyageuza kuwa rejista za wanafunzi na za ubatizo. Hakukubali kuharakishwa. Kompyuta ilipokuja alijifundisha mwenyewe kutengeneza kurasa za mtandao, akisoma kitabu cha Kifaransa kilichokwisha kupoteza jalada, na rula akaitundika ukutani. Ndipo chuo kimoja cha wauguzi kikamwomba aweke mtandaoni orodha ya waliofanya mtihani wa kuingia, ili watu wa mtoni wasilazimike kusafiri kwa ajili ya kusoma karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Mnajua majina yetu yalivyo. Kila mtu ana matatu, na lile la mwisho, la ubatizo, ndilo tunaloitwa kila siku. Kwenye skrini ndogo ya simu majina hayo hayaenei katika mstari mmoja. Yanajikunja na kukaa matatu, moja chini ya jingine. Jibu la kila mtu lilikuwa juu, mkabala wa jina lake la kwanza, na kati ya mtu na mtu hapakuwa na kitu chochote ila weupe mtupu. Basi muuza samaki mmoja, mjane kutoka Yanonge kando ya mto aliyekuwa amerudi kusoma akiwa mtu mzima, aliniomba pale sokoni nimtazamie jibu lake kwenye simu yangu. "Soma tu, papa, usinifiche," aliniambia. Nililiona jina lake la ubatizo, jicho likateleza chini kidogo, nikasoma: *Non admis*, hakukubaliwa. Alifunika beseni lake, na kesho yake akapanda mtumbwi wa injini kurudi kwao.

Siku mbili baadaye nilipeleka makala yangu kwa mama yetu mchapaji, nikiwa nalalamika kwamba chuo kimemkataa mwanamke mwenye bidii kama yule. Aliacha kuchapa. "Mama wa samaki? Yule iko admise! Jina yake nilipiga mi mwenyewe na hii mikono." Aliifungua orodha kwenye simu yangu, akaitazama, nami nikaona jinsi uso wake ulivyobadilika. Nikaanza kuomba msamaha kwa macho yangu, akanikatiza. "Macho yako haina shida, papa. Ni tableau yangu, hii jedwali ya majina, iko mubaya. Nilisahau kuchora." Mtu aliyeishi kwa kuchora mistari alikuwa ameweka majina ya watu mtandaoni bila mstari hata mmoja, kwa kudhani kwamba kompyuta ingejipanga yenyewe. Uandikishaji ulikuwa unafungwa Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Tulimpigia simu binamu wa mjane kule Yanonge, naye akampa simu. Sauti ilirudi kavu. "Ule papa alinisomea mbaya, leo tena anasema niko admise? Non. Nitatoka huku kama naona na macho yangu." Alikuwa na haki. Mwalimu wa pale alikuwa na simu yenye mtandao, lakini angemwonyesha orodha ile ile iliyonidanganya mimi. Mama akavuta kiti. Aliandika katika CSS, lugha ile inayoipa ukurasa sura yake, kwamba kila safu ya majina iwe na mpaka chini yake. Akafungua ukurasa upya: hakuna kitu. Akauhamisha mpaka huo kwenye vyumba vya jedwali, kimoja kimoja. Mstari ukatokea, lakini umekatika vipande, na kati ya jina na jibu likabaki pengo. Nilimwambia inatosha. Alinitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake. "Mustari ikikatika, mutu anaangukia humo ndani." Akarudi kwenye kitabu chake, karatasi baada ya karatasi, hadi jenereta ya jirani ikazimwa na siku ikaisha.

Ijumaa asubuhi alipata. Kumbe vyumba vya jedwali huwekwa mbalimbali tangu mwanzo, kila kimoja na ukuta wake, na hali hiyo ikibaki, mpaka wa safu nzima hauonekani kabisa. Aliandika maneno mawili tu, *border-collapse: collapse*, yaani kuta ziungane, akaurudisha ule mpaka kwenye safu. Mstari ukapita kutoka ukingo hadi ukingo chini ya kila mtu. Mama alipiga makofi, akainuka, akacheza peke yake katikati ya chumba na wateja wakamshangilia bila kujua sababu. Mwalimu wa Yanonge, tuliyemwomba aifungue orodha upya, alitusimulia baadaye jinsi mjane alivyoweka kidole juu ya mstari wake, akakitembeza polepole kutoka jina la ubatizo hadi ukingo, akapanda nacho hadi lile neno *Admise* lililokuwa ndani ya safu yake, halafu akapiga kelele hadi kuku wakakimbia. Jumamosi asubuhi alishuka ufukweni hapa na kuandikishwa kabla ya saa sita.

Huyo ndiye muuguzi aliyemshika mama mkono hadi pumzi ya mwisho. Nilimkuta kwenye matanga, amekuja na vazi lake jeupe moja kwa moja kutoka kazini. Familia ilikuwa imeweka daftari tupu mezani ili waombolezaji waandike majina, na majina yalikuwa yameanza kupandana. Muuguzi aliliangalia, akaingia ndani, akatoka na ile rula ya mbao. Akakaa, akachora mstari chini ya kila jina, moja baada ya jingine, nasi tukasimama kwenye foleni tukimsubiri. Nimeandika katika safu hii mambo mengi makubwa kuhusu maendeleo, na mengi nimeyasahau. Hili sitalisahau: mtu akikabidhiwa majina ya watu, kazi yake haijaisha mpaka kila mmoja apate chake bila kuchanganywa na jirani yake. Mama yetu aliimaliza kazi yake, na zamu yangu ilipofika niliandika jina langu kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuandika.