Ukalimani Wangu wa Buswelu

Jamani, mdomo wangu huu utaniua! Mimi ni Mhaya, na Kisukuma changu hakivuki salamu. Lakini mkuu wangu wa kazi aliponituma niwapeleke watalii wawili Buswelu kutazama ngoma ya nyoka, nilimwambia nakijua vizuri.

Nilimwamkia mzee mcheza nyoka shikamoo.

"Marahaba, ndugu. Tuongee Kiswahili?"

"Kisukuma tu, mzee," nikajibu kwa maringo.

Basi mzee akaeleza, nami nikatunga. Nilisema nyoka ni babu yao, nyoka huleta mvua. Mmoja wa watalii, mama aliyeketi kitini, akaandika uongo wote daftarini. Mara mzee akanyoosha kidole kwenye miguu ya mama, akasema jambo kwa haraka.

"Anasema karibu sana, kaa kama nyumbani," nikatafsiri.

Mama akatabasamu, akanyoosha miguu. Mzee akarudia kwa ukali.

"Anasisitiza," nikasema.

Hapo mzee alinikamata shati mbele ya kijiji kizima, akafoka kwa Kiswahili safi kuliko changu: "Ndugu, nimesema chatu ametoka kwenye kikapu! Yuko chini ya kiti cha mgeni!"

Mama aliinama kutazama alikoonyeshwa na mzee, na hapo hakuhitaji tena mkalimani.