Magurudumu ya Sefu

Jumapili moja kabla ya vita, Sefu alikuwa akitembea uani kwa mama yake, Kariakoo, mikono ameitandaza, akipita katikati ya ndoo na kanga zilizoanikwa. Mimi na yeye tulikuwa wanafunzi wa urubani, tumepewa ruhusa ya kuja nyumbani. Kikosini kwetu mwanafunzi haruki kabla hajaitembea safari yake nzima kwa miguu, akitaja kwa sauti kila anachofanya. Wapangaji walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama yake, Bi Mwanahawa, alikuwa anakuna nazi, akajifanya mkufunzi.

"Magurudumu?" akauliza.

"Bado," akajibu Sefu. Akaulizwa tena, bado, hadi alipoufikia mlango wa jiko. "Sasa."

Hilo ndilo tulilokaririshwa kuliko yote: huteremshi magurudumu mpaka umeshauelekea uwanja wa kutua. Ukiteremsha mapema, unakimbizwa uwanja mzima na tairi kichwani. Sefu alilibeba mara moja tu, na kosa lile hakulirudia.

Vita vya Kagera vilipoanza, kikosi kikahamishiwa kanda ya ziwa, na sisi wanafunzi tukageuzwa marubani. Asubuhi moja Sefu alitumwa kwenda kuangalia mpaka. Alipokwisha kuruka, wapiga mizinga wa uwanja wakapewa amri mpya: ndege yoyote itakayotokea ziwani bila kuteremsha magurudumu, itunguliwe. Mimi nilikuwa chini, ndege yangu ikitengenezwa, na hakuna aliyeniambia. Yeye kule angani hakuambiwa pia.

Nilimwona akitokea.

Niliijua ndege yake. Niliijua na namna yake ya kukata kona.

Mizinga ikalia.

Aliangukia majini, magurudumu yamekunjwa.

Tulikatazwa kusema. Mimi nilisema. Niliporudi Dar nilikaa kwenye mkeka wa Bi Mwanahawa nikamweleza yote. Hakulia mbele yangu. Aliuliza tu kama maji ya kule ni ya baridi.

Mwaka huu kikosi kimeadhimisha historia yake. Kapteni mmoja kijana alinifuata dukani kwangu, karibu na Msimbazi, ninakouza vipuri vya cherehani, akaniamkia vizuri, akarekodi maelezo yangu kwenye simu. Nikampeleka kwa Bi Mwanahawa, ambaye nyumba yake sasa imebanwa na maghorofa hata jua haliingii uani. Bibi alimwomba jambo moja. Hakutaka mwanawe aitwe shujaa, alitaka isemwe alivyokufa. Kapteni akaitikia, "Sawa, bibi."

Nilialikwa kwenye sherehe. Biriani ilikuwa nzuri, hilo siwezi kuwanyima. Msemaji alipofika kwa Sefu alisema kijana yule alipoteza maisha katika ajali, kwa kusahau kuteremsha magurudumu alipokuwa anatua. Watu wakapiga makofi ya heshima. Nilimtafuta kapteni kwa macho, nikamkuta anaangalia viatu vyake. Nina hasira naye hadi leo, na hasira zaidi na wakubwa waliomzoesha kuangalia viatu. Wamemtungua mara ya pili, na safari hii walijua ni nani.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Mwanahawa, maana alikuwa ananisubiri. Nikamwambia walichosema, neno kwa neno.

Akaniomba mkono, akainuka, tukatembea polepole uani, ananiegemea.

"Bado," akasema penye karo la kuoshea vyombo. "Bado." Alipoushika mlango wa jiko akasimama. "Sasa."

Akanigeukia. "Mimi kizee sijasahau, mwanangu. Atasahau yeye?"

Nikamwambia hapana mama, hakusahau. Nikamrudisha kwenye kiti chake. Sikumwambia ninachokiwaza kila siku: laiti angesahau walichomfundisha, siku ile moja tu, angerudi.